Kinda Aliyeanguka Kiotani: Majibu kwa Wasomaji

Tangu mvua zilipoanza, barua zinazotufikia kuhusu makinda wa ndege wa porini zimekuwa nyingi kuliko za mada nyingine yoyote. Jambo hilo halinishangazi, kwa kuwa msimu wa mvua ni msimu wa wadudu, na ndege wengi wa Afrika Mashariki hutaga na kulea wakati ambao wadudu wamejaa. Mvua hiyo hiyo inayowaletea chakula ndiyo inayoangusha viota vyao. Nimechagua barua chache ambazo majibu yake yatawafaa wengi. Karibu waandishi wote wanauliza wamlishe nini kinda waliyemwokota. Ningependa swali hilo litanguliwe na jingine, nalo ni hili: wazazi wake wako wapi? Mara nyingi wako juu ya mti ule ule, wakisubiri mtu aondoke.

*Swali: Usiku mmoja mvua ya upepo ilipiga sana hapa kwetu, na asubuhi nilipokuwa nikifagia uwanja nikakuta chini ya mwembe makinda wawili wasio na manyoya, macho yamefumba, na kando yao kiota kilichofumuka na kulowa chapachapa. Jirani yangu alinizuia kuwagusa, akisema ndege akinusa harufu ya binadamu humkataa mtoto wake. Niliogopa wataliwa na paka, nikawaingiza jikoni na kuwanywesha maziwa ya ng'ombe kwa kijiko. Wote wawili walikufa kesho yake. Nataka kujua nilikosea wapi, ili yakitokea tena nijue la kufanya. (Mama wa watoto wanne, Muheza)*

Jibu: Pole sana, mama. Kuwaondoa pale chini lilikuwa jambo sahihi, kwa sababu kinda asiye na manyoya akiachwa kwenye nyasi zilizolowa hafiki mbali: baridi humuua upesi kuliko njaa, na asipokufa kwa baridi huliwa na siafu au paka. Lililokwenda kombo ni mambo mawili yaliyofuata, yaani kuwatenga na wazazi wao na kuwapa maziwa.

Nianze na maneno ya jirani yako, kwa kuwa yamesambaa kote na yanagharimu maisha ya makinda wengi. Ndege hamkatai mtoto wake kwa kunusa mkono uliomshika. Anamjua kwa mahali alipomwacha, kwa sauti yake ya kuomba chakula, na kwa ule mdomo mkubwa unaopanuliwa kila mzazi anapotua. Ni kweli kwamba ndege anayesumbuliwa mara kwa mara wakati bado analalia mayai anaweza kukihama kiota, na huenda hapo ndipo imani hiyo ilipoanzia. Lakini mayai yakishaanguliwa, wazazi hawamwachi kirahisi mtoto waliyekwisha kuanza kumlisha. Kwa hiyo mshike bila hofu, kwa mikono misafi, kisha unawe kwa sabuni ukimaliza, kwa ajili ya afya yako mwenyewe.

Likitokea tena, jambo la kwanza ni joto. Mwili wa ndege una joto la takriban nyuzi 40 za Selsiasi, yaani zaidi ya letu, na kinda asiye na manyoya hawezi kujitunzia joto hilo. Analipata chini ya tumbo la mama yake. Ukimshika na kuhisi kwamba amepoa, usimrudishe kiotani papo hapo, kwa kuwa kinda aliyepoa hapanui mdomo, na mzazi huwatia chakula wale wanaopanua mdomo. Mfunike kwa viganja viwili, au mlaze kando ya chupa ya maji ya uvuguvugu iliyozungushiwa kitambaa, hadi achangamke na kuanza kunyoosha shingo. Wakati huo hahitaji chakula wala maji.

Jambo la pili ni kiota. Kama kiota bado kipo mtini na unaweza kukifikia kwa usalama, mrudishe humo basi. Kama kimefumuka, kama ilivyotokea kwako, tengeneza kingine, na vifaa vyake unavyo jikoni. Kifumbu kilichochakaa kinafaa sana, kwa kuwa kimesukwa kwa namna ambayo maji hayatuami ndani yake; bakuli dogo la plastiki lililotobolewa matundu chini nalo linafaa, na kwa ndege wadogo kabisa hata kifuu cha nazi kilichotobolewa kinatosha. Tandika nyasi kavu, pamoja na mabaki makavu ya kiota cha zamani kama yapo. Usitandike pamba, kwa kuwa nyuzi zake hunasa kwenye kucha na kuzikaza, wala majani mabichi, kwa kuwa yana unyevu unaompoza mtoto. Kifunge kwenye mti ule ule, karibu iwezekanavyo na pale kilipokuwa kiota cha kwanza, juu kupita mahali paka anapoweza kuruka, na penye kivuli cha kutosha, maana jua la saa sita mchana huku kwetu linaua kinda kama baridi ya usiku inavyomuua. Na kwa kuwa wako ni mwembe, litazame tawi vizuri kabla hujafunga: palipo na majimoto usiweke kinda, kwa kuwa wadudu hao watamwingilia puani na machoni kabla mzazi hajarudi.

Baada ya hapo ondoka. Hilo ndilo sharti gumu kuliko yote, kwa kuwa kila mtu hutaka kusimama chini ya mti aone. Ingia ndani, uchungulie kwa dirisha, na uwazuie watoto na mbwa wasikaribie. Kwa kawaida mzazi atakuja ndani ya saa moja au mbili, kwanza atatua tawi la mbali, atapiga kelele, atasogea, atarudi nyuma, kisha ataingia. Ukimwona amekuja na mdudu mdomoni na kuondoka na kijifuko cheupe, jua kazi imekubaliwa. Kijifuko hicho ni kinyesi cha kinda, ambacho kwa ndege wengi wadogo hutoka kikiwa kimefungwa ndani ya utando, na mzazi hukibeba na kukitupa mbali ili kiota kisichafuke na adui asipajue.

Ndege wa jamii ya njiwa, kama hua na tetere, wanahitaji subira zaidi. Kiota chao ni vijiti vichache vilivyopangwa juu ya tawi, hivi kwamba ukisimama chini unaweza kuyaona mayai, na ndiyo maana makinda wao huanguka sana. Wazazi wao hawaji kila baada ya dakika chache kama wafanyavyo ndege wanaolisha wadudu, kwa hiyo wape muda mrefu kabla hujasema wametelekeza.

Kuhusu maziwa, ndege si mnyama anyonyeshaye, na tumbo lake halina uwezo wa kumeng'enya sukari iliyomo katika maziwa ya ng'ombe; humharisha, na kinda anayeharisha hupoteza maji upesi. Lakini kijiko chenyewe kilikuwa hatari zaidi. Kinda akipanua mdomo, mtazame kwa makini, utaona nyuma kidogo ya ulimi kitundu kinachofunguka na kufumba. Hicho ndicho njia ya pumzi. Tone moja la maji au maziwa likidondoka hapo linakwenda moja kwa moja mapafuni. Kwa sababu hiyo, kinda yeyote usimtilie kioevu mdomoni, hata akionekana ana kiu. Wengi wao hupata maji yao ndani ya chakula wanacholetewa na wazazi.

*Swali: Mimi ni mwanafunzi wa sekondari. Nikitoka shuleni nilimwona kinda wa shore akirukaruka kando ya ua, ana manyoya lakini mkia wake ni mfupi sana na hawezi kuruka juu. Nilimkimbiza nikamkamata, nimemweka katika banda la sungura. Tangu jana ndege wakubwa wawili wanapiga kelele juu ya paa. Je, naweza kumfuga mpaka ajue kuruka? (Mwanafunzi, Kilifi)*

Jibu: Kijana wangu, barua yako ilikuwa ya haraka na nilikujibu siku ile ile kwa simu, nalichapisha jibu hapa kwa faida ya wengine. Hao wawili wanaopiga kelele juu ya paa ndio baba na mama yake. Mrudishe pale ulipomkamata, leo hii, kabla jua halijatua.

Kuna makinda wa aina mbili, na mtu asipowatofautisha atamdhuru yule ambaye hakuwa na shida yoyote. Yule wa kwanza ni kama wa mama wa Muheza: uchi au mwenye vinyoya vya kuhesabika, macho yamefumba, hawezi kusimama. Huyo mahali pake ni kiotani. Wa pili ameshaota manyoya, ana mkia mfupi na pembe za mdomo bado za manjano, anasimama, anarukaruka na kupiga mabawa. Huyo ameondoka kiotani kwa hiari yake. Mweke juu ya kidole chako; akikishika kwa kucha zake na kukaa, ni wa aina ya pili. Shore, yule ndege wa kahawia mwenye kichwa cheusi na manjano chini ya mkia ambaye kila ua wa Pwani unamjua, huondoka kiotani akiwa na umri wa karibu majuma mawili, kabla mabawa yake hayajakomaa. Hukaa vichakani na hata chini kwa siku kadhaa, na katika siku hizo wazazi huendelea kumlisha na kumwita, naye hujifunza mambo ambayo banda la sungura haliwezi kumfundisha: mdudu gani analiwa, tunda gani limeiva, na sauti ipi ya wazazi ina maana kwamba kipanga anapita.

Ukimkuta kinda wa namna hiyo njiani, kwenye magari, au mbele ya mbwa, msogeze hatua chache tu, umweke juu ya tawi la kichaka chenye majani mengi, mahali ambapo wazazi wataisikia sauti yake. Ikiwa kuna paka nyumbani, mfungie paka ndani kwa siku hizo chache, wala usimfungie ndege. Na hata kama mtu alimchukua kinda na ukapita usiku mmoja, kama ulivyofanya wewe, asikate tamaa: wazazi huendelea kumtafuta, na mara nyingi humlisha tena punde asikikapo.

Jambo moja tu lingenifanya niseme asirudishwe, nalo ni kama paka alimtia mdomoni. Mate ya paka yana vijidudu vinavyomuua ndege kwa siku mbili tatu, hata kama jeraha ni kitundu kidogo kisichoonekana chini ya manyoya. Kinda huyo anahitaji dawa ya kuua vijidudu siku hiyo hiyo kutoka kwa daktari wa mifugo. Vivyo hivyo kinda mwenye bawa linaloning'inia, anayevuja damu, au anayeinamisha kichwa upande mmoja asiweze kukiinua.

Kuhusu kumfuga, ndege wa porini ni mnyamapori mbele ya sheria, hata akienea kwenye kiganja. Nchini Kenya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, na Tanzania Bara Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, haziruhusu mtu kumkamata na kumweka bila kibali. Sikuambii hayo ili kukutisha. Aliyemwokota kinda kwa nia njema na kumfikisha kwa anayehusika hatazamwi kama mwindaji. Lakini kumuokoa ni kazi ya saa chache au siku chache, si ruhusa ya kuwa na ndege kizimbani.

*Swali: Wanafunzi wangu waliniletea makinda watatu wa mnana. Wazazi wao walinaswa na vijana kwa ulimbo, na mti wenyewe umekatwa, hivyo hakuna pa kuwarudisha. Kutoka hapa hadi kwa daktari wa mifugo ni safari ya siku nzima. Tafadhali nieleze namna ya kuwatunza mpaka nipate msaada. (Mwalimu, Kibondo)*

Jibu: Mwalimu, hali yako ndiyo ile ya nadra ambayo kinda kweli hana pa kurudi, na swali la chakula linafika mahali pake. Mara baada ya kuwapatia joto, mpelekee taarifa afisa wanyamapori wa wilaya, au afisa mifugo wa kata ambaye yuko karibu zaidi, kwa kuwa kulea makinda hadi warudi porini ni kazi ya wenye ujuzi, na hata mikononi mwao wengi hufa. Haya ninayoyaandika ni ya kuvusha siku chache.

Waweke wote watatu pamoja, wapeane joto, ndani ya boksi la viatu lenye matundu pembeni, na upande mmoja tu wa boksi uwe na ile chupa ya maji ya uvuguvugu niliyoieleza, ili anayeona joto limezidi asogee upande wa pili. Funika boksi, liwe na giza kidogo, mbali na redio, moshi wa jiko na kuku. Kuku nawataja makusudi: ndege wa porini wanaweza kuwa na ugonjwa wa kideri bila kuonekana wagonjwa, na kuku wasiochanjwa wa kijiji kizima wanaweza kwisha kwa uzembe mdogo wa namna hiyo. Mnawe mikono kabla na baada ya kuwagusa.

Mnana mkubwa hula mbegu, na watu humpa mtoto wake mtama au ugali kwa kufuata anachokula mkubwa. Makinda wake hawakui kwa mbegu. Wazazi huwaletea wadudu, kwa kuwa manyoya na misuli hujengwa kwa protini. Panzi wadogo waliotolewa miguu, kumbikumbi waliotolewa mabawa, funza laini na yai lililochemshwa na kupondwa vitafaa kwa muda. Chakula kiwe na unyevu lakini kisidondoshe maji. Tumia kijiti butu au kibano, gusa pembe ya mdomo taratibu, na kinda akipanua weka kipande kidogo ndani kabisa, upande wa kulia au wa kushoto wa koo, nyuma ya kile kitundu cha pumzi nilichokieleza katika jibu la kwanza. Asiyepanua mdomo usimlazimishe, kwanza mpashe joto. Fanya hivyo kila baada ya nusu saa, au chini ya hapo kwa walio wadogo kabisa, tangu alfajiri hadi magharibi. Usiku waache walale. Anayegeuza uso ameshiba.

Kama wangekuwa hua, ningekupa maelekezo mengine, kwa sababu kinda wa jamii ya njiwa hapanui mdomo kungoja kutiliwa. Yeye huingiza mdomo wake ndani ya mdomo wa mzazi na kunyonya uji mweupe unaotoka kwenye kifuko cha koo. Huyo hupewa uji mzito wa chakula cha vifaranga kilicholowekwa katika maji ya uvuguvugu, na huulamba mwenyewe mdomo wake ukiwa kati ya vidole vyako viwili vilivyopakwa uji huo.

Ninaomba jambo moja zaidi, na nadhani kwa mwalimu halitakuwa gumu. Makinda hawa wasizungushwe darasani mkono kwa mkono, wala wasipewe majina na kuzungumzishwa, maana ndege mdogo hujifunza yeye ni nani kwa kumtazama anayemlisha, na aliyezoea watu atawafuata watu siku ile atakayoachiwa, na wa kwanza atakayemfikia huenda akawa na manati mkononi. Badala yake watafutieni wanafunzi mti mwingine wenye koloni ya mnana, wakae mbali kwa utulivu, wahesabu ndani ya nusu saa mzazi mmoja ameingia kiotani mara ngapi na chakula, na waandike. Mtoto aliyehesabu safari hizo kwa macho yake ana sababu yake mwenyewe ya kuacha ulimbo.

*Swali: Kunguru wamejenga kwenye mkungu mbele ya nyumba yangu. Kinda wao ameanguka, na kila nikitoka nje wakubwa wananishukia kichwani. Nimlee, au nimuue? (Msomaji, Unguja)*

Jibu: Lisiwe mojawapo. Kunguru huyu mwenye shingo ya kijivu si mwenyeji wetu. Asili yake ni Asia ya Kusini, na aliletwa Zanzibar katika miaka ya 1890, akaenea hadi Dar es Salaam, Mombasa na miji mingine ya Pwani. Anakula mayai na makinda wa ndege wetu, na palipo na kunguru wengi, shore na chozi hupungua. Mwaka 2024 serikali ya Kenya ilitangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru wapatao milioni moja. Kwa hiyo sitakushauri kumlea na kumwongeza. Lakini kazi ya kuwapunguza ni ya wataalamu wenye mpango na dawa maalumu, na kumpiga mawe kinda mmoja hakumrudishii shore hata yai moja, bali hufundisha watoto wanaotazama ukatili. Mwache alipo, tumia mwavuli unapotoka, na ndani ya siku chache wakubwa wataacha kukushambulia. Hakikisha tu ndiye kweli: kunguru mwenye kifua na shingo nyeupe ni ndege wetu wa asili, naye anastahili msaada kama ndege mwingine yeyote.

*Swali: Katika dari la nyumba yangu kuna sauti ya kufoka kila usiku, kama nyoka. Juzi kitu cheupe chenye manyoya kama pamba kilidondoka barazani, nikakitambua kuwa ni mtoto wa bundi. Majirani wanasema ni uchuro, tukichome moto pamoja na wenzake waliomo darini. Mimi sijaruhusu, lakini sijui nifanye nini. (Mstaafu, Kilosa)*

Jibu: Shikamoo mzee. Nimefurahi kwamba hukuruhusu, na ninajua kwamba kusimama peke yako mbele ya majirani katika jambo hili si kazi ndogo.

Huyo ni bundi mwenye uso mweupe wa umbo la kopa, anayependa kuishi karibu na watu kwa sababu panya nao wanaishi karibu na watu. Hajengi kiota, hutaga juu ya mbao za dari, ndani ya mnara, au kwenye tundu la mti mkubwa. Ile sauti ya kufoka si nyoka wala jini, ni makinda wanaoomba chakula. Ukipanda na tochi utaona kwamba hawalingani: mmoja ni mkubwa, mwingine wa kati, mwingine mdogo sana. Hiyo ni kwa sababu jike huanza kulalia tangu yai la kwanza, hivyo mayai huanguliwa kwa siku tofauti. Chini yao utakuta vidonge vyeusi vya manyoya na mifupa, ambavyo bundi huvitapika baada ya mlo. Chukua kimoja, kiloweke katika maji, ukifumue mbele ya majirani. Ndani yake mtaona mafuvu madogo yenye meno marefu ya mbele, na kila mkulima wa mahindi wa Kilosa atayatambua bila kuambiwa kwamba ni ya panya. Sitabishana na mtu juu ya uchuro, kwa kuwa ni imani aliyolelewa nayo; nitamwomba tu ayatazame mafuvu hayo na kukumbuka ghala lake.

Kinda aliyedondoka mrudishe darini. Mfunike kwa taulo nzito au gunia kabla ya kumshika, kwa kuwa kucha zake ni kali hata akiwa mdogo, na uishike miguu yake kwanza. Akiwa na jeraha, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Nchini Kenya kuna bahati ya kituo cha kutibu ndege wala nyama huko Naivasha, kinachoendeshwa na Kenya Bird of Prey Trust, lakini kwa Kilosa anza na afisa wanyamapori wa wilaya. Makinda hukaa kiotani karibu miezi miwili, kisha huondoka wenyewe. Katika muda huo usizibe tundu la dari, kwa kuwa utawafungia ndani wafe na kuoza, na usitege sumu ya panya, maana panya aliyekula sumu hukamatwa kirahisi na bundi, na sumu hiyo huwafikia makinda. Kama baadaye hutaki warudi kwa ajili ya uchafu na harufu, ambayo nakubali ni kali, ziba tundu baada ya kuhakikisha kwa siku kadhaa kwamba dari ni tupu. Ukiweza kuwatundikia sanduku la mbao kwenye mti mrefu karibu na ghala kabla ya kuziba, utabaki na mlinzi wa mahindi bila kulala naye nyumba moja.

*Swali: Wakati wa palizi nimekutana na vifaranga wa kwale wapatao saba wakikimbia katikati ya mahindi. Mama yao simwoni. Niwapeleke nyumbani wakalelewe na kuku? (Mkulima, Korogwe)*

Jibu: Hapana, ndugu yangu, waache. Vifaranga wa kwale, kware na kanga wa porini huanguliwa wakiwa na vinyoya na macho wazi, na baada ya muda mfupi hukimbia na kudonoa wenyewe, kwa hiyo kuwakuta chini bila kiota ndiyo hali yao ya kawaida. Mama yao yupo ndani ya majani karibu nawe na amenyamaza kwa sababu yako. Baadhi ya ndege wa chini hata hujifanya wamevunjika bawa na kujiburuta mbele ya mtu, ili wamvute mbali na watoto. Ukimwona anafanya hivyo usimfuate. Nenda ukapalilie upande mwingine wa shamba, na usipite mstari ule hadi alasiri. Ukisikia mlio mfupi unaorudiwarudiwa kutoka kwenye majani, ni mama anawakusanya. Ikiwa mmoja amebaki nyuma na unamsikia akilia peke yake, mbebe umweke karibu na mlio huo, kisha urudi kwenye jembe lako.